Bahari Isiyopwa

Harufu ya koti la sufu lililolowa mvua hunikumbusha bahari. Najua mtu mwenye akili timamu angetarajia koti kama hilo limkumbushe baridi, au foleni ya basi, au mwalimu wake wa kwanza wa Kiingereza. Lakini mimi, katika majira yetu ya kwanza London, mwishoni mwa miaka ya sitini, bahari niliionea ndani ya jumba moja la sinema karibu na Neasden, nimebanwa katikati ya watu waliotoka Mombasa, Kisumu na Nairobi, kila mmoja amevaa koti la mtumba lisilomkaa, na makoti yote yakifuka mvuke kwa joto la miili. Harufu hiyo ya sufu ilichanganyika na ya maganda ya machungwa, ya mafuta ya nazi kwenye nywele za kina mama, na ya karanga ambazo mtu alikuwa amezikaanga nyumbani na kuzificha mfukoni. Taa zilipozimwa na pazia kufunguka, mbele yetu palitokea maji ya samawati, mchanga mweupe, jua lisilo na wingu hata moja, na vijana wa Kimarekani wakicheza dansi nusu uchi. Watu wazima waliokuwa wakipiga chafya tangu asubuhi walinyamaza wote kwa pamoja.

Asubuhi za Jumapili jumba lile lilikodiwa na Wahindi wenzetu kuonyesha filamu za Kihindi. Alasiri mwenye jumba alirudia mambo yake, akaonyesha filamu za Kimarekani zilizokwisha kuzunguka mji mzima. Filamu ya Kihindi ikiisha tulitakiwa tutoke, lakini Baba na wengine wengi walikata tikiti tena wakabaki, kwa sababu ndani mlikuwa na joto na nyumbani hapakuwa nalo. Ndivyo tulivyozizoea zile filamu za pwani. Zilikuwa nyingi, hadithi ilikuwa moja. Vyuo vimefungwa kwa likizo ya majira ya machipuko. Vijana wanajazana ndani ya magari yasiyo na paa, wanaendesha kutwa hadi baharini. Huko wanapiga magitaa, wanateleza juu ya mawimbi wamesimama kwenye mbao, wanagombania msichana mwenye kitambaa cha manjano kichwani, na yupo mzee mwenye mkahawa asiyependa kelele ambaye mwishoni naye huvutwa mkono akacheza. Moto unawashwa ufukweni, waliokosana wanapatana, basi. Kaka yangu Hanifu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alizijua nyimbo zote kwa moyo na alianza kuchana nywele kwa kuzinyanyua mbele, jambo lililomkera Baba kuliko theluji.

Baba alikuwa karani wa forodha bandarini Mombasa. Babu yake alitoka Kachi, huko India, lakini Baba mwenyewe alizaliwa na kukulia Mji wa Kale, na lugha aliyoitumia kumkaripia mtu ilikuwa Kiswahili. Pasipoti yake ilikuwa ya Kiingereza. Kibali chake cha kazi kilipokwisha hakikufanywa upya, na habari zikaenea kwamba Waingereza nao wanataka kuufunga mlango wao, basi tukaondoka mbiombio kama walivyoondoka wengi, katikati ya baridi, na nguo za kitani. Mama yeye alikuwa na karatasi za Kenya, kwa kuwa mama yake alikuwa Mswahili wa mtaa ule ule na nyumba yao ilikuwepo, na chumba cha Mama ndani yake kilikuwepo, na kitanda kimetandikwa. Baba hakuwa na pa kurudi. Mama alikuwa napo, na sote wanne tulilijua hilo.

Tulipanga vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, vyenye jiko la mafuta ya taa lililotoa moshi mwingi na joto kidogo. Wiki ya kwanza Mama alifanya kama angefanya popote: alikaanga mahamri, akayapanga kwenye sahani yake ya bati yenye maua ya samawati, akanituma nimpelekee jirani wa mlango wa pili. Kesho yake sahani ilirudi. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na mwenye kuirudisha alishukuru mara tatu, lakini ilikuwa tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi hivyo. Huna kitu, utatia hata ndimu mbili, hata konzi ya sukari, ili mwenzio ajue kwamba mlango uko wazi. Mama aliishika ile sahani, akaigeuza chini juu kana kwamba huenda kitu kimenata upande wa pili, kisha akaiweka kabatini na hakumpelekea mtu kitu tena. Jirani yule hakuwa na kosa, na leo naweza kusema hivyo kwa moyo mweupe, lakini siku ile nilimchukia.

Sanduku la Mama halikufunguliwa. Lilisimama nyuma ya mlango, limefungwa kwa kamba ya katani ambayo Bibi aliikaza kwa mikono yake mwenyewe, nasi tulilipita kila siku tukienda kuchota maji. Siku moja, akiwa anakanda unga wa chapati, Mama alisema bila kuinua uso, "Baba Hanifu, nimevumilia. Hiyo springi yenu ikija, na mimi bado naona moshi wanitoka mdomoni, narudi kwa mamangu. Shamimu nitakwenda naye. Hanifu ni mkubwa, atabaki na wewe." Hakugomba wala hakulia. Aliendelea kukanda, na ndipo nilipojua kwamba alikwisha kulifikiri jambo hilo hadi mwisho wake.

Baba alijibu upesi mno. "Ngoja likizo ya machipuko, Mama Hanifu. Ikifika tu, wazungu wote wahamia pwani. Si waona mwenyewe kwenye filamu?" Nami nilimwamini, kwa sababu yeye alijiamini. Mtu huyu ambaye bandarini hakukubali kisanduku cha majani ya chai bila kukifungua, filamu aliipokea jinsi ilivyokuja. Kwake Marekani na Uingereza zilikuwa nchi mbili za watu wamoja, wenye lugha moja na rangi moja, sasa kwa nini wasiwe na machipuko mamoja? Aliingoja Pasaka, ambayo huku ndiyo likizo yenyewe ya machipuko, kwa matumaini makubwa. Alianza hata kumwuliza msimamizi wake katika kiwanda alichopata kazi ni pwani ipi iliyo karibu, na msimamizi, akidhani anataniwa, alimtajia Southend.

Jumapili zetu pale sinema zikageuka kuwa kama ushahidi mahakamani. Baba alimwonyesha Mama jua, akamwonyesha mchanga. Mama hakuwa mtazamaji mnyamavu. "Mbona hawali?" aliuliza kwa sauti iliyosikika safu mbili mbele. "Watoto hawa wametoka tangu alfajiri, hakuna hata mmoja aliyetia kitu kinywani."

"Ni filamu, Mama Hanifu," Baba alinong'ona.

"Filamu ndiyo haina njaa? Na mama zao wako wapi?" Watu nyuma yetu walicheka kichinichini. Kisha alitoa lile alilolirudia kila wiki. "Bahari gani hii, haipwi wala haijai? Asubuhi iko pale pale, jioni iko pale pale. Hii imechorwa."

Hata hivyo, kila wimbi lilipokuja kuvunjika ufukweni, Mama aliinama mbele kidogo kitini. Mimi sikuitazama filamu, nilimtazama yeye. Nuru ya samawati ilimpita usoni, mabega yake yalishuka, na katika wiki nzima hapo tu ndipo alipovua glavu. Msichana wa kitambaa cha manjano angeweza kuolewa na mzee wa mkahawa, Mama asingejua. Alikuwa akitazama maji yaliyokuwa nyuma yao wote.

Ajabu ni kwamba filamu hizo hizo tulikwisha kuziona Mombasa, kwenye sinema ya nje ambako watu hutazama wakiwa garini, na huko tulizicheka sana. Tuliwacheka watu wanaosafiri kutwa nzima kwenda kuiona bahari, nasi yetu iko nyuma ya nyumba na hakuna anayeitia maanani. Kuogelea waliogelea wavulana. Familia nzima ikitaka kuifaidi bahari, iliifaidi kwa namna yetu: jioni, hasa ya Jumapili, unakwenda Laithausi, karibu na mnara unaoziongoza meli, unaegesha gari pua ikiielekea bahari, na unakaa humo humo. Unanunua muhogo wa kukaanga wenye chumvi, pilipili na ndimu. Unakula ukitazama maji, unawasalimu walio gari la pili, unawasengenya walio la tatu. Jua likitua unarudi nyumbani, na hakuna aliyelowa hata kidole cha mguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa pwani yetu, na hatukujua kwamba ni kitu cha kukikosa.

Majira yale mimi nilipata kazi ya siri. Mama alisema moshi mdomoni, basi kila asubuhi nilikwenda dirishani nikapumua, nikaangalia kama mvuke unatoka. Ulitoka. Nilipotembea naye kwenda shule nilifunga mdomo nikapumua kwa pua, polepole, nikidhani kwamba asipouona wangu huenda akasahau kuutazama wake. Nilimpenda Mama kuliko kitu chochote na nilitaka mno kumwona Bibi, lakini Hanifu alikuwa amenifundisha kuendesha baiskeli kwenye uchochoro wa nyuma, na Baba kila usiku alinipashia joto soksi zangu juu ya jiko, na sikuweza hata kufikiri ni yupi nitakayemwacha. Machi iliisha na mvuke bado unatoka. Miti ya barabarani ilitia vichipukizi vidogo vya kijani, na Baba akanibeba nivione kwa karibu, kama mtu aliyepokea kifurushi alichokwisha kukatia tamaa.

Kaka yake Mama, Mjomba Idirisa, alikuwa ametangulia London miaka kadhaa kabla yetu na alikaa Ilford, akiuza vitambaa kwa gari dogo la mizigo. Baba alimwomba gari hilo Jumamosi ya Pasaka twende Southend, na Mjomba akasema atatupeleka mwenyewe. Wiki ile Mama alichangamka kidogo, ingawa alijizuia tusimwone. Mjomba alimpatia mihogo kwa Wajamaika sokoni, mikubwa, imepakwa nta, na Mama aliimenya huku akiisema kwa uzee wake. Na hapo ndipo alipofanya hesabu yake. Yeye mwezi aliuhesabu popote alipokuwa, wala hakuhitaji kuuona. "Jumamosi ni kumi na nne Mfunguo Nne," alisema. "Ni bamvua, maji makubwa. Maji yajaa saa kumi. Tusifike mapema tukakuta matope, tufike yakiwa yamejaa pomoni." Kwa mtu wa Mombasa hesabu hiyo haina ubishi, mwezi ukijaa, maji yajaa alasiri, tangu enzi na enzi. Baba aliandaa safari kwa hesabu ya Mama. Mjomba, aliyekaa Uingereza muda wote ule lakini akawa hajapata kwenda baharini hata siku moja, alisema sawa, Dada.

Tulikaa nyuma juu ya marobota ya vitambaa, mimi na Hanifu, tumeshika sufuria na chupa ya chai ya iliki. Hanifu alivaa shati la maua la mikono mifupi chini ya koti, tayari. Magari yalikuwa mengi barabarani, na Baba kila mara aligeuka kutuonyesha, "Mnaona? Wote waenda pwani." Alikuwa na furaha ya mtu ambaye neno lake linatimia mbele ya macho yake. Hata Mama alitabasamu. Tulipokaribia, mvua nyembamba ikaanza, na Baba akasema ni ya kupita tu. Halafu Mjomba alishuka mteremko mmoja, akakata kona, akasimamisha gari, na sote tukatazama mbele.

Hapakuwa na bahari. Palikuwa na uwanda wa matope ya kijivu uliokwenda na kwenda hadi ukakutana na mbingu za kijivu, na mashua zimelala ubavu juu yake, na ndege wanatembea katikati kwa miguu kama watu wanaotafuta kitu kilichowaanguka. Mbali sana palikuwa na mstari mwembamba ulioweza kuwa maji. Hapakuwa na gitaa, wala mchanga mweupe, wala kijana hata mmoja. Ufuoni alipita mwanamke mmoja na mbwa, wote wawili wameinamisha vichwa kwa upepo. Hanifu alifunga vifungo vya koti lake hadi juu.

"Yamekwenda wapi?" Mama aliuliza. "Leo kumi na nne." Nadhani lile lilimwumiza kuliko baridi, kwamba hata mwezi huku haukushika ahadi. Baba alifungua mlango akashuka. Aliteremka ngazi za mawe hadi ukingoni mwa matope, na viatu vyake vya ofisini, akasimama pale ametupa mgongo, mikono mfukoni, na mvua inamnyea. Alisimama muda mrefu. Mimi nilijua analia, au nilidhani hivyo, na sikuwahi kumwuliza.

"Idirisa," Mama alisema, "turudi."

"Turudi wapi, Dada?"

"Wajua wapi."

Nilifunga mdomo nikapumua kwa pua, lakini ilikuwa kazi bure. Vioo vyote vya gari vilikwisha kuingia ukungu kwa pumzi zetu. Mjomba alisema tumngoje basi shemeji arudi, hatuwezi kumwacha kwenye tope, na Mama, kwa kukosa la kufanya, alichukua ncha ya kanga aliyojitanda chini ya koti akafuta kioo cha upande wake. Alifuta, akasita, akafuta tena. Kisha akainama karibu na kioo.

Kando yetu lilikuwepo gari dogo la kijivu, pua ikielekea bahari. Kando yake lingine, na lingine, safu nzima hadi mwisho wa barabara. Hatukuwa tumeyaona kwa sababu macho yetu yote yalikuwa mbele. Ndani ya kila gari walikaa watu wawili, wengi wao wazee, na chupa ya chai imesimama kati yao, wanakula kitu kutoka kwenye karatasi na kutazama yale matope kwa utulivu mkubwa. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyeonekana kutaka kushuka. Wa gari la tatu alikuwa akisema jambo kuhusu wa gari la pili. Hilo lilionekana wazi hata kwa mtu asiyejua lugha.

"Hebu waone," Mama alisema polepole. "Kumbe hawa nao wana Laithausi yao."

Akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha kichinichini kama kile cha watu wa kwenye sinema, kilimtoka tumboni, hadi akashika dashibodi. Mjomba alicheka kwa sababu dada yake anacheka, na Hanifu naye, na mimi nikacheka bila kujua kama ni salama kucheka. Mama alifungua sufuria. Aliitoa ile sahani ya bati yenye maua, ambayo sikujua kama ameichukua, akaijaza muhogo, akanyunyiza pilipili, akakamua limau, akanipa. "Wapelekee hao wa hapa. Huwezi kula mbele ya mtu."

Nilikwenda mbio kwenye mvua nikagonga kioo cha lile gari la kijivu. Bibi mmoja mzungu mwenye kofia ya kufuma alikishusha, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba hiki kimetoka kwa mama yangu. Mumewe alichukua kipande, akatafuna, akakohoa, akawa mwekundu hadi masikioni, akanywa chai, akachukua kingine. Nilinyoosha mkono nipewe sahani. Yule bibi akasema ningoje. Aliifuta kwa kitambaa, akafungua mkebe uliokuwa miguuni pake, akaweka juu ya sahani vipande viwili vinene vya keki ya zabibu, akavisogeza vikae sawa, akanirudishia.

Mama aliipokea sahani akaikalisha mapajani. Hakuigusa ile keki kwa muda. "Imerudi na kitu," alisema, si kwetu sisi.

Baba alirejea wakati huo, amelowa chapachapa, na uso wa mtu aliyejiandaa kwa hukumu. Alipotuona alisimama mlangoni, hajui aingie au asiingie. Mama alimkatia keki. "Ingia, Baba Hanifu, utaugua," alisema. Kisha akanigeukia. "Shamimu, rudi kamwulize yule mzee, maji yao yajaa saa ngapi." Nikarudi. Mzee alifurahi kuulizwa. Alishusha kioo chote akanieleza kwamba leo yalijaa saa saba na nusu, yakapiga ukuta hapo hapo tulipoegesha, na kesho yatachelewa kidogo, na keshokutwa yatachelewa tena. Nilimletea Mama maneno hayo kama yalivyo. Aliyasikiliza akihesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole.

"Basi mwezi ni ule ule," alisema. "Wametutangulia tu." Alitazama nje, kwenye lile tope, na safari hii alilitazama kama alivyotazama mawimbi ya sinema, ameinama mbele kidogo. "Hii ndiyo bahari. Yatoka, yarudi. Ile yenu ya filamu ilikuwa mchoro." Alikula kipande cha muhogo, akamimina chai, akampa Baba kikombe mkononi. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu angeombea chumvi mezani, "Mara nyingine tuje mapema."

Baba alikishika kikombe hakunywa. Mjomba aligeuka kumtazama dada yake, kisha akageuka upesi kutazama mbele. Mimi nilikuwa na miaka tisa lakini nililielewa neno lile vizuri kuliko yote niliyofundishwa mwaka ule. Nilifungua mdomo nikatoa pumzi yangu yote, mvuke mweupe mbele ya uso wa Mama, na yeye akaupunga kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi. Kesho yake tulipoamka, kamba ya katani ilikuwa imefungwa jikoni kutoka msumari hadi msumari, na kanga za Mama zimeanikwa juu yake, zote, hata zile za harusi.

Mama aliishi London hadi mwisho wa maisha yake. Mombasa alikwenda kutembea, akarudi na masanduku ya maembe mabichi na malalamiko. Tulihamia Stanmore, Baba akapata kazi ya ukarani tena, na kila Pasaka tulikwenda Southend kwa hesabu ya Mama, na maji yalipiga ukuta kama yule mzee alivyosema. Hakuogelea hata mara moja. Hanifu ndiye aliyeifuata filamu hadi kwake. Anaishi Florida sasa, mzee mwenye kipara, na likizo ya machipuko ikifika hunipigia simu kulalamika juu ya vijana wanaopiga kelele chini ya dirisha lake. Namkumbusha yule mzee wa mkahawa, naye hukata simu. Lakini aliwahi kuniambia kwamba siku yake ya kwanza huko alikaa ufukweni tangu asubuhi hadi jioni kuangalia jambo moja tu. "Inapwa, Shamimu," alisema. "Kidogo, lakini inapwa. Laiti ningemwambia Mama."

Filamu zile bado nazitazama. Najua ni za kipuuzi. Najua pia kwamba katika fukwe zile mtu wa rangi yangu asingepewa hata kiti, na kwamba katika yote yaliyoonyeshwa hapakuwa na kilichokuwa kweli isipokuwa maji. Nazitazama kwa sababu tuliketi mbele yazo watu wanne tukiwa tumebanana, tumelowa, hatujui kesho, na hatukuwahi tena kuwa karibu namna ile. Leo muhogo nauchukua Ilford, umemenywa na kugandishwa tayari kwenye mfuko. Saa za maji kujaa ziko kwenye simu. Nyumba yangu ina joto katika kila chumba, na katika kila chumba yumo mtu mmoja.

Pasaka iliyopita nilimchukua mjukuu wangu Leila, mwenye miaka kumi, anayesikia Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza. Nilihesabu kwa pingili za vidole, yeye akaangalia simu, tukakubaliana. Tulifika Southend maji yamejaa pomoni. Kijana wa gari la jirani alikuwa na masikio yameziba kwa muziki. Nilimtuma Leila na sahani ile ile ya bati, ambayo maua yake sasa ni ya kukisia. Kijana alikula yote, akacheka, akashukuru mara tatu, na sahani ikarudi tupu. Niliitazama pande zote mbili. Leila aliniuliza kama maji yakishaondoka tutaweza kuyangoja yarudi. Nje mawimbi yalikuwa yameanza kuuacha ukuta. Nilijaza sahani tena, nikaiweka katikati yetu, nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti iliyokuwa ya Mama, si yangu, "Mara nyingine."